Baba, Nimeuza Fremu Zako

Mpendwa baba,

Nimeuza. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungekuwa hai ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata hujaitikia shikamoo yangu. Kiwanja cha Tegeta, nyumba ya mbele na zile fremu zako sita za maduka zisizo na paa, vyote vimekwenda. Mdogo wangu Rehema alikubali kwa simu kutoka kwa mumewe Mtwara. Mama alitia saini. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi na mimi ndiye niliyemtafuta mnunuzi, kwa hiyo ukitaka mtu wa kumlaumu usihangaike kwenda mbali.

Najua nilikuahidi. Ulikuwa umelala ubavu, pumzi inapanda kwa taabu, ukanishika mkono ukasema neno moja, "Malizia." Nami nikajibu, "Sawa, baba." Mtu aliye katika hali ile anaambiwa sawa kwa lolote. Leo nimekaa kukuandikia nikueleze kwa nini sikumalizia, na kwa kuwa huwezi kunikatiza kama ulivyozoea, safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na mazuri, maana yapo, na ndiyo yanayonikera zaidi. Ulikuwa dobi mkuu wa hoteli kule Mbezi Beach. Nikiwa darasa la tatu, siku moja ya likizo, ulinichukua kazini kwako. Nakumbuka joto la chumba kile, mashine zinavyonguruma, na jinsi ulivyonikalisha juu ya kigari cha mashuka ukanisukuma mpaka mwisho wa ukumbi, wenzako wakicheka. Ulinifundisha kukunja shuka la kitanda kikubwa bila msaidizi: kidevu kinashika katikati, mikono inafuata pembe. "Shuka halina mdomo," uliniambia, "lakini linamsema aliyelifua." Mpaka leo sitoi nguo ya mteja bila kupiga pasi mishono yake kwa ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona. Kila ninachokijua kuhusu kazi nilikichota kwako. Ungekuwa baba mvivu, mimi ningekuwa nimeshakusamehe na kukusahau zamani.

Halafu vile vyumba vitano vya kupangisha, ubavuni mwa nyumba. Ulivijenga kimoja kimoja, miaka yote ya utoto wetu. Mlifyatua tofali wenyewe, wewe unapiga, mama anachota maji. Chumba kikikamilika anaingia mpangaji, na kodi yake inanunua saruji ya chumba kinachofuata. Hukufundishwa uwekezaji na mtu yeyote, baba, lakini ule ndio ulikuwa uwekezaji wenyewe. Ada yangu ilitoka chumba cha pili. Cherehani yangu ya kwanza ilitoka chumba cha nne. Jioni ulikuwa unapita uani umejifunga shuka lako kiunoni, unagonga ukuta kwa kiganja na kusema, "Hii ndiyo minazi yangu mie. Naangua kila miezi sita."

Miezi sita. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Kwako kodi ilikuwa ya miezi sita, mkononi, kwa mkupuo. Hukuwa peke yako. Mji mzima ulikuwa hivyo, na wengine walidai mwaka. Lakini wewe ulikuwa umeifanya sherehe. Siku ya kodi ulivaa kanzu. Mama alipika kahawa, sahani ya kashata inawekwa mezani, mpangaji anaingia kwa heshima anakaa, mnaulizana hali za nyumbani mpaka mnachoka, ndipo bahasha inatoka. Hukuihesabu mbele yake. Ulisema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie," ukampa mama aende nayo chumbani. Nilikuwa nakuchungulia mlangoni nikiona fahari. Nilidhani baba yangu ni mtu mkubwa sana katika Tegeta.

Kisha ugonjwa ukaingia duniani. Ndege zikaacha kuja, wageni wakakatika, na hoteli ikabaki na wafanyakazi wengi kuliko watu wa kulalia mashuka. Ulirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, umevaa sare, ukakaa barazani bila kuvua viatu. Walikupa barua ya shukrani na kiinua mgongo. Mama alikuletea maji ukayashika tu. Nilifika jioni kutoka Tandale nilikokuwa nimepanga na kufungua kibanda changu cha kushona karibu na soko, nikakukuta bado umekaa palepale. Nilikaa pembeni yako. Siku ile nilikupenda sana, baba, nataka ulijue na hilo.

Wapangaji wako nao wakapigwa na dhoruba hiyohiyo. Beda, kijana wa Masasi wa chumba cha kwanza, alikuwa anahudumia baa ya hoteli yenu. Akaachishwa kazi siku ileile uliyoachishwa wewe. Mama Shukuru wa chumba cha tatu, mwanamke wa Newala aliyekuwa akikaanga samaki na mihogo kituoni, alibaki na karai limejaa, maana watu walikuwa wanaogopana na kila mtu anakula kwao. Miezi yake sita ikaisha. Akaja kwako na alichokuwa nacho, kodi ya wiki moja, amekifunga kwenye pindo la kanga.

Nilikuwepo, nakata vitambaa mkekani. Alikifungua kifundo taratibu, akaiweka pesa juu ya stuli.

"Shikamoo mzee. Nimeona nianze na hii. Wiki ijayo Mungu akijalia naleta nyingine."

Hukuigusa. "Marahaba. Mama Shukuru, hapa si gesti. Gesti ndiyo watu wanalipa kwa siku na kwa wiki."

"Nami si mgeni wa gesti, mzee wangu," alikujibu, bila ukali. "Mie nimezalia watoto wawili humu ndani."

"Ndiyo maana nakuheshimu. Kaikamilishe, kisha uilete kama inavyoletwagwa siku zote."

Mama alisimama mlangoni na birika la kahawa, hajui aliingize au alirudishe. Mama Shukuru aliokota pesa yake, akaifunga palepale ilipokuwa, akakuaga vizuri. Nilitaka nikwambie kwamba umekosea, lakini kwetu binti hamkosoi baba mbele ya mpangaji. Nikaendelea kukata kitambaa, nikakikata vibaya.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Ijumaa nikaja na maandazi, nikangoja urudi msikitini, nikakueleza mpango wangu. Nilikuwa nimeufikiria vizuri. Nilikuomba sehemu ndogo ya kiinua mgongo itengeneze choo na yale mabati yaliyokuwa yanavuja, wapangaji wapate sababu ya kubaki. Waruhusiwe kulipa kwa wiki mpaka mambo yatulie. Pesa inayobaki tuiweke mahali itakapokuwa inazaa kidogo kidogo, mtaji wenyewe usiguswe, ili wewe na mama mle matunda na mti ubaki.

"Mahali gani?" uliuliza.

"Kuna vipande vya uwekezaji, baba. Unanunua vipande kwenye mfuko, wanaiweka pesa kwenye biashara mbalimbali, kila baada ya muda unapata gawio lako. Mteja wangu mmoja wa benki kanieleza."

"Nikiamka asubuhi nitaviona wapi hivyo vipande?"

"Huvioni. Vinakuwa vimeandikwa."

"Basi hiyo si mali, mwanangu. Hiyo ni habari."

Mama alicheka mpaka akaficha mdomo. Hata mimi nilicheka, maana ulikuwa mchekeshaji unapotaka. Kisha ukaniuliza kuhusu riba. Nikasema sijui vizuri, twende wote tukamuulize shehe. Ukanipigapiga begani. "Wewe shona. Mambo ya ukuta niachie mie." Miezi michache baadaye ulikopa nondo dukani kwa bei ya juu kuliko ya pesa taslimu, na sikusikia kwamba shehe aliulizwa chochote.

Wakati mimi nakuja na maandazi, dalali Athumani alikuwa anakuja na pikipiki. Alikuwa na maneno matamu yule mtu, na kila mara alikuamkia kwa kuinama. Mimi nilikuwa nikiandaa chai siku aliyokumaliza.

"Mzee wangu, hii barabara inapanuliwa," alisema. "Ubavu wako wote unatazama barabarani, halafu umepanga watu wanaolia njaa. Weka fremu sita hapa. Duka la dawa, saluni, wakala wa pesa. Watu wa fremu hawana ishu za wiki wiki. Wanalipa mwaka mzima, na kilemba juu."

Kilemba, ile pesa ya kuingilia dukani. Kodi ya mwaka. Nilikuona ulivyonyooka kwenye kiti. Ulikuwa umepoteza kazi, umepoteza sare, wapangaji wanakuletea pesa ya kwenye pindo la kanga, na hapa kuna mtu anakuahidi bahasha ya mwaka mzima na kanzu yako ipigwe pasi tena. Siku hizi nakuelewa vizuri zaidi kuliko unavyodhani. Kukuelewa hakujanipunguzia kitu.

Unakumbuka tulivyokwenda pamoja kuulizia bei ya saruji? Tulipita fremu upande huu na upande ule wa barabara ya Bagamoyo, mageti ya chuma yamefungwa, yameandikwa kwa chaki au rangi: INAPANGISHWA, na namba ya simu. Nilikuonyesha moja, nikakuonyesha nyingine, mwishowe nikasimama.

"Baba, zote hizi hazina watu. Sie tunaongeza nyingine za nini?"

"Hazina watu kwa sababu wenyewe hawajui biashara."

"Na sie tunaijua?"

Ulitembea mbele ukaniacha. Ulikuwa na mwendo wa haraka ukikasirika, na mimi toka utotoni nilikuwa nakukimbilia. Nilikukimbilia na siku ile pia.

Ukawapa wapangaji notisi ya mwezi mmoja. Beda alibeba godoro lake akarudi Masasi. Mama Shukuru nilimtafutia chumba Tandale, nyumba ileile ninayopanga mimi, kwa Bi. Tatu. Nikamwambia Bi. Tatu ukweli kwamba huyu mama hana kodi ya miezi sita wala ya mitatu. Yule bibi, ambaye hajui kusoma na anauza mkaa dirishani kwake, aliniambia, "Chumba kitupu hakinipi hata salamu. Mwambie alete alicho nacho." Nyumba yake haikukosa mtu kipindi chote kile kigumu. Wengine walilipa kwa wiki, wengine walilipa nusu, mmoja alilipa kwa kumzibulia choo. Mambo yalipotengemaa wote walikuwa bado wapo, na waliendelea kulipa. Nilikusimulia hayo. Ulisema Tandale ni Tandale.

Jumatatu fundi Selemani alikuja na vijana wake na nyundo. Walianza na chumba cha pili, kile cha ada yangu. Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata, na alikuwa anaendelea kuisugua nilipoondoka. Tofali zile mlizozifyatua kwa mikono yenu hazikuwekwa pembeni hata moja. Zilivunjwavunjwa zikawa kifusi cha kujazia msingi. Miti ile uliyoiita minazi yako uliikata mwenyewe, ikiwa bado na nazi.

Na ule msingi, baba. Selemani alikushauri umwage msingi wa ghorofa, kesho na keshokutwa upandishe juu. Nani alikuwa na hiyo kesho? Lakini ulikubali, na ukasimamia kama ulivyokuwa unasimamia mashuka ya hoteli, hutaki kona ya kombo. Nondo nene, kokoto safi, zege la kumwagiwa maji asubuhi na jioni wiki nzima. Kiinua mgongo chote kikaingia ardhini. Kuta zilipofika usawa wa madirisha ukaanza kukopa. Zilipofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaokaa juu ya milango, ukamwomba mama bangili zake.

Hilo sikulijua mpaka nilipoona mikono yake mitupu. Nilimuuliza. Akasema, "Baba yenu alikuwa na shida ya lenta." Bangili alizopewa na mama yake siku ya harusi, baba. Sikukwambia kitu hata siku ile. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikanawa uso, nikarudi kukuuliza kama ungependa chai.

Na ukuta ukaishia hapo, kwenye lenta. Hakukuwa tena na cha kuuza wala wa kukopa. Athumani na pikipiki yake hakuonekana. Fremu alizokuwa akizidalalia zilikuwa nyingi na wapangaji hakuna. Kila jioni ulivaa shati safi ukasimama kati ya zile kuta, ukiwaonyesha wapita njia: hapa duka la dawa, hapa saluni. Wapita njia walikuwa na adabu, walisema mashallah. Ndani ya nyumba hakukuwa na kodi, hakukuwa na mshahara, hakukuwa na akiba. Mliishi kwa barakoa. Nilikuwa nazishona Tandale kutoka kwenye vipande vya vitambaa, naziuza sokoni kwa wapagazi na wauza nyanya, na kila mwisho wa wiki nilileta unga, mchele, mafuta, dagaa. Ulikula, ukanawa mikono, ukasema alhamdulillahi. Hukuniuliza hata siku moja vimetoka wapi. Ningeridhika na neno moja tu, baba. Nilikuwa nalingoja kila Jumapili.

Ulipoanza kukohoa ulisema ni vumbi la saruji. Baadaye daktari akasema ni changamoto ya upumuaji, maana ndivyo ilivyokuwa ikisemwa siku zile. Sikuondoka kitandani pako. Nilikupangusa, nikakubadilishia mashuka, nayakunja kama ulivyonifundisha. Nilidhani labda sasa utalisema lile neno. Ulipofumbua macho ukanivuta mkono, niliinama nikusikie. Ukasema, "Malizia."

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Miaka yote hii nilikuwa na kazi mbili, kumlisha mama na kuulisha ukuta wako. Nikipata tenda ya sare za shule nanunua mifuko ya saruji. Mara moja nilinunua mingi kidogo, nikaihifadhi ndani ya fremu ya mwisho, nikaifunika kwa turubai. Mvua za masika zikaifikia, ikawa mawe. Majani yakaota ndani ya fremu. Wavuta bangi wakafanya ndiyo baraza lao, mjumbe akaniita kunilalamikia, na watu wa mtaani wakaanza kupaita pagale la dobi. Ulikuwa umejenga jina lako Tegeta kwa miaka mingi. Hilo ndilo lililobaki.

Siku niliyoamua kuuza nilimkuta mama anapika. Moshi ulikuwa na harufu ya saruji. Nikainama nikatazama mafiga, nikaona zile mbao zilizofungia zege la lenta, bado zina misumari. Alikuwa anazipasua moja moja anapikia. Ndani ya sufuria kulikuwa na uji, mchana wa saa nane.

"Mkaa umeisha lini, mama?"

"Siku nyingi. Hizi zinawaka vizuri tu, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe si una saruji ya kununua."

Hakusema kwa kunisuta. Aliamini kabisa kwamba saruji inatangulia mbele ya tumbo lake, kwa sababu wewe ulimfundisha hivyo na mimi nikaendeleza somo lako. Nilizima ule moto. Nikaenda kumnunulia mkaa, na nilipokuwa narudi nikawa nimeshaamua.

Mnunuzi alikuja na fundi wake. Yule fundi alizunguka, akachimba kidogo pembeni, akagonga msingi kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. "Huyu mzee alijua," alimwambia bosi wake. "Hapa unapandisha ghorofa mbili bila wasiwasi. Bomoa hizi kuta tu, msingi usiuguse."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Uso wake ulichangamka, sijawahi kumwona hivyo tangu ufe. Alimwita makusudi jirani aliyekuwa anapita ili amwambie, akamwita na wa pili. "Mmesikia? Fundi kasema alijua." Alikuwa anakabidhi nyumba yake, ana mabegi mawili na jiko la mkaa, na alikuwa anaona fahari. Sikuweza kumtazama. Ni kweli msingi wako ni mzuri, baba. Watu watakula juu yake miaka mingi, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa wa damu yako.

Sasa mama anakaa Tandale, chumba kinachotazamana na changu. Tulipofika na mizigo, Mama Shukuru alitoka kumpokea, akamtwalia begi. "Karibu, mama mwenye nyumba," alisema, kama alivyokuwa akimwita zamani. Hakuwa na nia mbaya. Alitafuta jina la heshima akalikuta hilo tu. Mama aliinama akajifanya anatafuta ufunguo. Bi. Tatu alimwambia kodi yake ni ya mwezi mwezi, na akikwama wakae wazungumze.

Pesa ya kiwanja tuligawana kwa sheria, mama fungu lake, sie yetu. Mimi na Rehema tukaunganisha yetu na yake, tukaiweka kwenye hati fungani zisizo na riba, ambazo siku hizi zinapatikana. Mama hakukubali mpaka shehe alipokaa naye akamsomea masharti yote mpaka mwisho. Shehe alipotoka mama aliniuliza, "Kwa hiyo sasa hivi hiyo hela iko wapi?" Nikamwambia inafanya kazi. Akaguna kama wewe.

Gawio la kwanza limeingia kwenye simu yake juzi juzi. Nilikuwa nimeshalipangia: dawa zake za presha, miwani, mkaa wa kutosha. Aliitazama ile meseji muda mrefu, akanipa nimsomee tena, kisha akasema, "Hii yote ni hitima ya baba yako. Hatujamsomea tangu mwaka ule."

"Mama, hii ni ya kula."

"Na kwenye hitima watu hawali?"

Tulibishana siku nzima, akanishinda. Alhamisi tukafagia ua wa Bi. Tatu, tukatandika mikeka, wakaja walimu wa madrasa na wazee wachache wa Tegeta waliokuwa wakiswali nawe. Mama Shukuru alimenya vitunguu. Pilau nilipika mimi. Baada ya kisomo mzee mmoja akaomba aseme maneno mawili. Alisema wewe ulikuwa mtu wa kuona mbali, kwamba umetangulia zamani na mkeo bado anakula jasho lako. Watu wakatikisa vichwa. Mama akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Nilitaka kutoka niwaambie. Niwaambie kuhusu vyumba vitano, kuhusu bangili, kuhusu mbao za lenta zilizopikiwa uji. Niwaambie kwamba pilau ile imetoka kwenye kitu ulichokiita habari. Nilishafungua mdomo. Mama akaniona. Alinitazama kupitia katikati ya vichwa vya watu, akatikisa kichwa kidogo sana, ananiomba. Mama yangu hajawahi kuniomba kitu maishani mwake, hata mkaa. Nikafunga mdomo nikarudi kwenye sufuria, nikapakua.

Shehe alipomwomba Mungu akusamehe makosa yako, watu wote waliitikia amina. Nami niliitikia, baba, kwa sauti, ili mama asikie. Hiyo ilikuwa ya mama. Yangu sijaisema bado.

Lala, usiwe na wasiwasi juu ya mke wako. Ana chumba, ana chakula, na bado anakutetea.

Ni mimi,
binti yako mkubwa.